Subira Isiyo na Mashahidi

Ayubu amesifiwa na Wayahudi, Wakristo na Waislamu kwa karne nyingi, hata mtu akitaja subira mbele ya mkutano wowote fikira za wasikilizaji humwendea yeye mara moja, ameketi majivuni, mwili umejaa majipu, mali imetoweka na wanawe wamekufa. Wala mimi sina nia ya kumpunguzia sifa hiyo hata chembe. Lakini Ayubu hakuulizwa. Msiba ulimshukia bila hiari yake, na fadhila yake ilikuwa katika namna alivyoupokea. Swali linalonishughulisha ni la mtu wa hali nyingine kabisa, mzima wa afya, asiyeumwa tumbo wala kichwa, ambaye kwa ikhtiari yake mwenyewe huacha chakula, hunywa dawa yenye kuchafua moyo, na kukesha akienda chooni na kurudi, ili kesho yake tabibu apate kuuchungua utumbo wake mpana na kutafuta maradhi ambayo yamkini hayamo. Je, taabu hiyo, ndogo na yenye kutia haya, ina uzito wowote katika mizani ya dini, au ni shughuli ya hospitali tu ambayo mbingu haina haja nayo?

Niitazame taabu hiyo mahali inapopatikana, katika Chepsaita, nchi ya mahindi na ng'ombe upande wa Turbo, ambako mwenye kupimwa hupanda matatu kwenda Eldoret, mji ambamo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ilianza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo tu. Siku mbili tatu kabla ya safari huagizwa aache vyakula vyenye mbegu na nyuzinyuzi, yaani mahindi ya kuchemsha, maharagwe, sukuma wiki na managu. Na siku ya mwisho hata ugali na maziwa humwepuka, yakabaki maji, supu iliyochujwa na chai ya rangi. Anayezijua nyumba za Wakalenjin anaujua uzito wa agizo hilo, kwa maana huko chai isiyo na maziwa ni chai ya dhiki, mursik, yaani maziwa yaliyogandishwa, haikosi kibuyuni, na mwenye nyumba asiyegusa kikombe mbele ya mgeni wake hana budi ama aeleze sababu ama adhaniwe amenuna.

Jioni jagi huwekwa mezani. Dawa yenyewe ni unga uliokorogwa katika maji, aghalabu lita nne kwa jumla, nusu ya kunywa usiku na nusu alfajiri, glasi moja kila robo saa. Ina ladha ya chumvi na utelezi fulani ambao limau haliwezi kuuficha, na glasi ya sita ni ngumu kuliko ya pili, kwa kuwa nafsi imekwisha jua kinachokuja na koo limeanza kukataa kabla mkono haujainuka. Kisha huanza safari za nje. Choo cha shamba kiko nyuma ya nyumba, njia ina umande, baridi ya nyanda za juu inauma, na mtu hutoka na tochi, akarudi, akaketi, akatoka tena, mpaka kitokacho kiwe maji matupu ya manjano hafifu yenye kupitisha nuru. Hapo ndipo wauguzi husema yu tayari. Na bado safari ya matatu iko mbele yake, jambo ambalo huwafanya wenye busara waombe hifadhi ya usiku kwa jamaa aliye karibu na hospitali.

Taabu hii haikuwekwa kwa ukatili. William Wolff na Hiromi Shinya, matabibu wa New York, walianza mwaka 1969 kuutazama utumbo mpana kwa mrija wenye kuona, na muda si muda wakaweza kuvikata kwa mrija uo huo vinyama vinavyoota ndani yake. Nao John Fordtran na wenzake huko Dallas walitangaza mwaka 1980 maji ya dawa ambayo mwili hauyanyonyi wala hautokwi na maji yake kwa sababu yao, bali hupita tu kama mto uliofurika, yakichukua kila kilichomo njiani. Ndiyo maana kipimo chake ni kikubwa. Kinyama kinaweza kukaa miaka kumi na zaidi kabla ya kugeuka saratani, na kikiwa cha milimita chache uchafu kidogo hutosha kukifunika. Hivyo anayemwaga nusu ya jagi kwa siri amemfumba tabibu macho, na yote yatakayofuata, gharama, safari na sindano ya usingizi, yatakuwa yamefanywa gizani.

Sasa, watu wa Chepsaita si wageni wa kuvumilia. Mbio za nyika za hapo zimewavuta wakimbiaji mashuhuri, na asubuhi yoyote utawaona vijana barabarani wakijitia katika maumivu ambayo wengi wetu tungeyakimbia. Hapo kale kijana wa Kinandi aliyepelekwa jandoni alitazamwa usoni na wazee, asije akapepesa jicho mbele ya kisu. Lakini taabu hizo zote zina mashahidi. Mkimbiaji ana utepe mbele yake, kijana wa jando ana jina la kiume linalomngojea, na macho ya watu ni nusu ya nguvu zao. Mtu wa jagi hana wa kumshangilia. Katika Kitabu cha Wafalme mna habari za Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma, aliyefika mlangoni pa Elisha na farasi na magari yake. Nabii hakutoka hata kumwamkua, alimtuma mjumbe amwambie akaoge mara saba katika Yordani. Naamani alighadhibika akageuka aende zake, na watumishi wake ndio waliomrudisha, wakimuuliza kama asingelitenda jambo hilo lau lingekuwa kubwa. Naona watumishi wale walimfahamu bwana wao kuliko alivyojifahamu: ukoma aliweza kuubeba vitani, ila udogo wa dawa haukubebeka, kwa sababu haukumwachia nafasi ya kuwa jemadari.

Wako watakaosema kwamba kuyatafuta maradhi kabla hayajajitokeza ni uhaba wa tawakali, na kwamba Mungu akitaka atamponya mja wake bila jagi wala mrija. Hoja hiyo naiheshimu kwa kuwa nimeisikia kwa watu wa swala na sala za kweli, lakini siikubali. Bedui aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu aliamriwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Mwili ni amana, na mwenye amana haachi mlango wazi kisha akaomba ulinzi. Tena, kwa uchunguzi wangu, hoja hiyo mara nyingi hufunika hofu ya habari mbaya, na hofu hiyo ni ya kuhurumiwa, maana mtu wa miaka arobaini na mitano, umri wa kuanza kupimwa ambao wataalamu wa Marekani waliushusha mwaka 2021 kutoka hamsini, bado analima, bado anasomesha watoto, wala hana muda wa kuambiwa kwamba ni wa kufa.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kuona haya. Hapa dini zimekuwa jasiri kuliko waumini wake. Torati iliwaagiza Waisraeli namna ya kufukia uchafu nje ya kambi. Uislamu una dua ya kuingia chooni na adabu zake. Na Talmudi inamnasibishia Abaye, mwanachuoni wa Babeli wa karne ya nne, dua ya kumshukuru Mungu baada ya haja, kwa kuumba matundu ndani ya mwili, ambayo moja likiziba lisipostahili kuziba mtu hana uhai. Kama mtu anaweza kushukuru mahali hapo, hapana sababu ya baba kulificha jagi kana kwamba ni pombe. Mkewe na ajue, ndugu yake amwashie taa njiani, watoto waachiwe uji wao katika nyumba nyingine ili harufu isimtie majaribuni, na yule ambaye adabu ya ukwe inamzuia asitajiwe choo atajiwe hospitali tu, inatosha.

Kipimo chenyewe ni kifupi, aghalabu hakifiki saa moja, na kwa dawa ya usingizi wengi hawakikumbuki. Yamkini tabibu hatakuta kitu. Atamwambia arudi baada ya miaka kumi, na jirani atamcheka kwamba amejinyima mursik na kukesha bure. Mimi nasema hakukesha bure, wala sisemi hivyo kwa sababu ya karatasi aliyopewa. Usiku ule alikubali kwamba ana utumbo, kwamba utumbo huweza kuugua, kwamba wako wanaomtegemea, na alimaliza jagi pasipo mtu wa kumhesabia glasi. Na lau kinyama kingepatikana na kukatwa, kukubali huko kusingeongezeka hata kidogo.