Jambazi kama Shujaa: Suala la Maadili katika Riwaya Mbili za John Kiriamiti

Je, kijana anayemtukuza jambazi wa hadithini amepotoka kimaadili? Swali hili haliepukiki katika madarasa ya fasihi hapa Eldoret pindi inapotajwa My Life in Crime (1984), riwaya ya John Kiriamiti, mwandishi aliyefungwa mwaka 1971 kwa wizi wa mabavu.

Plato angejibu upesi: mtunzi wa aina hiyo afukuzwe mjini. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti. Akipendacho kijana si wizi wenyewe, bali ujasiri na werevu, sifa ambazo jamii yenyewe imemfunza kuzienzi. Kasoro imo katika nafasi ya usimulizi. Jack Zollo husimulia kwa nafsi ya kwanza; msomaji hutoroka pamoja naye, na aliyeibiwa huachwa nyuma.

Hapa ndipo umuhimu wa My Life with a Criminal: Milly's Story (1989) unapodhihirika. Kiriamiti yuleyule anampa usimulizi mwanamke aliyempenda jambazi. Ujasiri uleule, ukitazamwa kutoka nyumbani, ni uwongo na wasiwasi. Kinachombadilisha shujaa si mahubiri, bali jicho linalomtazama.

Kwa hiyo mwalimu asimnyang'anye kijana kitabu cha kwanza. Amwongezee cha pili. Hata hivyo, deni moja limesalia: karani wa benki aliyeelekezewa bastola hajapewa riwaya yake. Hadi atakapoipata, tutakuwa tunauhukumu ushujaa wa Zollo bila kumsikiliza shahidi mkuu.