Viza, Nia na Kiingereza cha Wenyewe

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.



Ijumaa moja baada ya sala, ndugu mmoja wa mwaka wa pili alinivuta pembeni akaniuliza swali. Anataka kwenda Uingereza kujifunza Kiingereza kwa wenyewe. Mama yake yuko tayari kuuza kiwanja walichoachiwa na marehemu baba. Fedha hazitoshi, lakini yuko komisyoneri mjini aliyesema hilo si tatizo, yeye ataijaza akaunti ya benki mpaka viza itoke. Akaniuliza: "Ustadhi, hili lina ubaya gani?"

Sikumjibu palepale. Nilimwomba anipe siku chache, kwa sababu swali hilo niliwahi kuwa nalo mimi mwenyewe, na jibu lake lilinigharimu. Leo namjibu yeye, na nawajibu wote walio na swali kama lake.

Kwanza, kutafuta lugha si jambo la kulaumiwa. Katika Suratur-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu ametufundisha kwamba kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara zake kwa wenye ujuzi. Mtume, sala na amani zimshukie, alimwamuru Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi ili aweze kuandika na kusoma barua zao, na imepokewa kwamba Zayd aliyamudu kwa muda wa karibu nusu mwezi. Basi anayesema kwamba Kiingereza ni lugha ya makafiri na Muislamu hana haja nayo, huyo hakumsoma Zayd.

Na sisi Warundi haja yetu iko wazi. Tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 Kiingereza kikawekwa kisheria kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Lakini wengi wetu tumesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi. Tukitafuta kazi au tukitaka kuendelea na masomo Nairobi au Kampala, tunakuta mlango umeandikwa kwa lugha tuliyoisoma saa chache kwa wiki. Uchungu huo naujua.

Mwaka 2012 nilikuwa kijana wa Buyenzi mwenye diploma mkononi na ndoto ya London. Baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa barazani kwetu. Nilimpata komisyoneri. Akanieleza kwamba ofisa wa viza huangalia fedha ulizonazo, zimetoka wapi, na sababu ya wewe kurudi kwenu. "Fedha nitakupa mimi," akasema. "Zitalala kwenye akaunti yako mwezi mmoja, kisha utanirudishia na kitu kidogo juu." Nikampa malipo ya mwanzo. Usiku ule nikasali istikhara. Tazameni hali yangu: nilikuwa nimekwisha kulipa, ndipo nikamwomba Mola anichagulie.

Nilipomweleza baba, aliinua mguu wake kwenye mashine.

"Hizo pesa ni za nani?"

"Za kuazima, baba. Ni za mwezi mmoja tu."

"Na karatasi ya benki itasema ni za nani?"

Nikanyamaza. Kisha nikasema, "Itasema ni zangu."

Hakunigombeza. Aliokota kipande cha kitambaa kilichokuwa chini, akakikunja, akasema: "Mwanangu, kanzu ikikatwa vibaya, kushona vizuri hakutaisaidia." Akarudi kwenye kazi yake.

Niliona baba hajui dunia. Wiki nzima nilimsalimia bila kumtazama usoni. Lakini maneno yake hayakuniacha, na kila nilipoyarudia niliona komisyoneri amenifungia mambo mawili katika bahasha moja. La kwanza ni riba, kwa kuwa mkopo uliowekewa sharti la nyongeza ni riba, hata nyongeza hiyo ikiitwa "kitu kidogo". La pili ni ushahidi wa uongo, ulioandikwa na kupigwa mhuri kwa jina langu. Nikaacha. Malipo ya mwanzo sikurudishiwa hata faranga moja.

Ndugu zangu, wako watakaosema: wale maofisa si Waislamu, na nchi zao zimejaa mali, uongo kwao unamdhuru nani? Nawaomba tumkumbuke Jaafar bin Abi Talib. Waislamu waliokimbilia Uhabeshi walikuwa wageni wasio na jamaa pale. Maquraishi wakamtuma Amru bin Al-As na mwenzake, na zawadi mikononi, kwenda kumwomba Najashi awarudishe. Siku ya pili Amru akaleta hila nzito: akamwambia mfalme kwamba watu hawa wanasema neno kubwa juu ya Isa mwana wa Maryam. Mfalme alikuwa Mkristo. Jibu moja lingeweza kuwatoa katika hifadhi na kuwarudisha kwenye mateso ya Makka. Walishauriana usiku, wakakubaliana kusema yale aliyoyasema Mwenyezi Mungu, litakalokuwa na liwe. Jaafar akasimama akasema kwamba Isa ni mja wa Mungu na Mtume wake. Najashi akawapa amani.

Hawa walikuwa wakiomba uhai wao, na hawakudanganya. Sisi tunaomba kozi ya Kiingereza.

Sisemi kwamba ukweli daima hufungua mlango. Unaweza kusema kweli na viza ukanyimwa. Wala msiache uongo kwa kuogopa kukamatwa tu, ingawa sheria ya Uingereza inaweza kumfungia mlango miaka 10 aliyegundulika na udanganyifu katika ombi lake. Yule ambaye hakugunduliwa, akapanda ndege, akasoma na kurudi na cheti, bado ameijenga riziki yake juu ya karatasi ile.

Mwaka uliofuata baba alinipa akiba yake ndogo, nikapanda basi kwenda Kampala kupitia Kigali na Gatuna. Nilisoma huko miezi minane. Nataka niwaambie kweli ya miezi ile. Mitatu ya kwanza sikujua kitu. Niliishi chumba kimoja na Warundi wenzangu, tukipika pamoja, tukizungumza Kiswahili na Kirundi mpaka usiku. Kiingereza nilikutana nacho darasani tu, kama nilivyokuwa nikikutana nacho Bujumbura. Hata nilipopanda kilima cha Kibuli kusali Ijumaa, nilikuta waumini pembeni yangu wakizungumza Kiganda. Mambo yalibadilika nilipoanza kumsaidia mzee mmoja katika duka lake la vitabu na madaftari. Wateja walinicheka, nikakosea, nikasahihishwa, nikakosea tena. Lugha ilinijia kwa kuondokewa na haya.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba safari haimfundishi mtu ambaye hakuondoka moyoni. Mwenye kwenda Uingereza anayo faida kubwa, sikatai: atakisikia Kiingereza kituo cha basi, hospitalini, sokoni na kwa watoto wanaocheza. Tena atakisikia cha namna nyingi, kwani mtu wa Liverpool hasemi kama wa London, na wa Glasgow ana chake. Mahali pa kusujudu pia hatapakosa; msikiti wa Woking umesimama tangu mwaka 1889. Lakini akijifungia na wenzake wa nyumbani, au akiona haya kukosea, atarudi alivyokwenda.

Liko pia la kiburi. Nimeona vijana wanaorudi kutoka nje wakijifanya hawakumbuki jina la mboga kwa Kirundi, na wanaona haya mama zao wakizungumza mbele ya wageni. Mtazameni Mtume wetu. Ummu Khalid alikuwa binti mdogo aliyelelewa Uhabeshi. Siku moja Mtume alimvisha vazi kwa mkono wake, akamwambia "sanah", yaani "zuri" kwa lugha ya Uhabeshi. Alitumia neno la ugenini kumfurahisha mtoto. Nasi lugha mpya tuitumie hivyo, imkaribie aliye mbele yetu.

Basi ndugu yangu uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Yule komisyoneri muache leo. Kiwanja cha mama yako kina haki za warithi ndani yake. Kaeni wote mshauriane, na usikubali mama abaki bila paa kwa ajili ya kozi ya miezi michache. Anza hapa. Baada ya Alfajiri toa saa moja ya kusoma na kusikiliza, na utafute mwenzako mmoja msemezane Kiingereza kila siku bila kuchekana. Tazama pia karibu yetu: Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988, kinafundisha kwa Kiingereza, na unafika kwa basi. Ukipata ufadhili wa halali wa kwenda Uingereza, jaza fomu kwa ukweli, sali istikhara kabla ya kulipa, uende na dua zetu.

Leo nafundisha Kiingereza hapa Bujumbura. London sijaiona. Baba alifariki kabla hajanisikia nikifundisha, lakini mashine yake ipo nyumbani, na kila nikiipita naiambia nafsi yangu iangalie inavyokata.

Ewe Mola, tuzidishie elimu yenye manufaa, utupe riziki ya halali, uzifanye ndimi zetu ziseme kweli katika kila lugha, na uwarehemu wazazi wetu kama walivyotulea udogoni. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.