Koti la Aliyetangulia

Koti la trenchi ni koti refu la mvua, la kufika magotini au chini yake, lenye vifungo safu mbili, mkanda kiunoni na vikanda vidogo mabegani. Kitambaa chake cha asili ni gabadini, ambacho Thomas Burberry wa Uingereza alikipatia hataza mwaka 1888: nyuzi hutiwa dawa ya kuzuia maji kwanza, ndipo zifumwe kwa kubana, hivyo mvua huteleza na joto la mwili hupata pa kutokea. Katika Vita Kuu ya Kwanza maofisa walilivaa kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, na mahandaki ndiyo yaliyolipa jina. Askari wa kawaida alibaki na kabuti zito la sufu. Leo koti hilo hufika Morogoro ndani ya belo la mitumba, likiwa limeshavaliwa na mtu asiyejulikana. Huenda mtu huyo yu hai, huenda amekufa. Utani wa mitaani uliozipa nguo hizi jina la kafa Ulaya umeshamzika. Nyuma ya utani huo kuna swali la dini na falsafa: vazi lililozaliwa vitani na kuachwa na mwenyewe huwa la nani linapovaliwa upya?

Swali lina umri mkubwa. Plato, katika maandishi yake yanayosimulia siku ya mwisho ya Socrates, anampa Cebes, mmoja wa waliozungumza na Socrates siku hiyo, mfano wa mfumaji mzee. Mfumaji huyo amefuma nguo nyingi na kuzichakaza karibu zote, lakini ile ya mwisho inamzidi umri: yeye amekufa, nguo ipo. Cebes alitaka kuonyesha kwamba roho nayo yaweza kuchakaza miili mingi na bado ikafa, na Socrates akashughulika na roho. Nguo ya mwisho ikaachwa pale pale, bila mtu wa kuuliza nani ataivaa.

Waluguru, wenyeji wa Morogoro ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, wana fikra yao kuhusu vitu vinavyowazidi watu umri. Jina la Kingalu, mtawala na mleta mvua mashuhuri wa Uluguru, halikuzikwa na Kingalu wa kwanza. Mrithi hulichukua, na tangu hapo ndiye Kingalu, na kazi za jina huwa juu yake. Soko kuu la mji wa Morogoro, lililozinduliwa mwaka 2021, limeitwa kwa jina hilo. Kwa fikra hii kilichobaki si mali ya maiti, ila hakitolewi bure: huja pamoja na wajibu wake. Koti la mtumba halina ukoo wa kulikabidhi. Wajibu pekee linaokuja nao ni ule lililoshonewa, yaani kumkinga mtu na mvua.

Kwa Mwislamu swali la kwanza huwa tohara, na fikihi imelijibu kwa uwazi wa kupendeza. Asili ya vitu ni tohara mpaka najisi ithibitike. Shaka tupu haitoshi. Bukhari amepokea kutoka kwa Mughira bin Shu'ba kwamba Mtume alivaa juba la Sham lenye mikono ya kubana, hata alipotawadha ikambidi aitoe mikono yake kwa chini. Sham wakati huo ilikuwa nchi ya Warumi, na wanazuoni wamelitumia tukio hilo kuonyesha kwamba nguo iliyoshonwa na wasio Waislamu yafaa kuvaliwa na kusaliwa. Basi kulifua koti la mtumba kabla ya kulivaa ni usafi tu; hakuna mzimu wa kufukuza.

Maandiko ya Wakristo yanaingia kwa mlango mwingine. Sheria iliyo katika kitabu cha Kutoka inamtaka aliyechukua vazi la jirani kuwa rehani alirudishe kabla ya jua kuzama, kwa kuwa maskini hana kingine cha kujifunika usiku. Hapo vazi halipimwi kwa bei wala kwa mshonaji, linapimwa kwa baridi. Martin wa Tours, askari wa Roma katika karne ya 4, anakumbukwa kwa kulikata joho lake la kijeshi vipande viwili na kumpa maskini kimoja langoni mwa Amiens. Joho hilo nalo lilikuwa la vita.

Kipimo cha baridi kinafaa sana Morogoro, kwa sababu mji uko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Kimhandu, katika milima ya Uluguru, kinapita mita 2,600. Stendi ya Msamvu, saa saba mchana wa Januari, koti la trenchi ni pambo, na mvaaji hutoa jasho kwa ajili ya macho ya watu. Nyandira, huko Mgeta milimani, alfajiri ya Julai, mboga zikipakiwa ndani ya ukungu, koti lile lile ni kinga. Pambo si dhambi: Sura ya Al-A'raf inalitaja vazi kuwa sitara na pambo, kisha inauweka ucha Mungu juu ya vyote viwili. Kinachokemewa ni nguo ya kutafutia umaarufu, na Waraka wa Yakobo unawakemea wanaompa kiti cha mbele aliyevaa vizuri.

Vikanda vya mabegani vinataka neno la peke yake, maana vilishikilia alama za cheo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, tarehe 26 Agosti 1916, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro, kisha yakawafuata Wajerumani kandokando ya Uluguru hadi Kisaki. Mizigo yao ilibebwa na wapagazi Waafrika, na katika vita hivyo makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Cheo ndicho kilichoamua nani akingwe na mvua. Kikanda cha koti hakimwambii tena mtu yeyote jambo hilo, kwa kuwa waliokisoma hivyo wametoweka. Sare za jeshi lililopo ni habari nyingine: Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo. Alama huishi muda wote wasomaji wake wanapoishi, na hapo dhamiri ya mvaaji haitoshi kuifuta.

Uvaaji wa kila siku unafuata hukumu hizo. Koti huachwa wazi juu ya suruali, gauni au kanzu (koti juu ya kanzu ni desturi ya vizazi vingi), na mkanda hufungwa fundo nyuma, jambo linalolivua ukakamavu wa gwaride. Mwanamke anayetaka sitara hulipata pana na refu bila kushonesha jipya. Mikono ikizidi, fundi cherehani huipunguza. Kwa safari za milimani rangi ya kaki iliyokoza hustahimili udongo mwekundu kuliko ile nyeupe ya maziwa.

Linabaki suala la heshima. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua, ili kulinda viwanda na utu wa watu. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za ushuru za AGOA, sheria yake ya biashara na Afrika, Kenya, Uganda na Tanzania zilirudi nyuma. Rwanda ilikaza, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishiwa msamaha wa ushuru. Hayo ni mambo ya viwanda na ushuru, na wa kuyajibu ni serikali. Anayevaa koti la mtumba mvua ikinyesha Mgeta hana la kujibu.