Kijana Anapokataa



Hakuna baraza leo, liwe la Tanga, la Mombasa, la Unguja au la hapa kwetu Morogoro, ambalo wazee wakikaa kunywa kahawa halipiti neno hili: vijana wa siku hizi hawana adabu. Wanabishana na wakubwa, wanawataja viongozi kwa majina, wanaandika katika simu maneno ambayo sisi tusingethubutu hata kuyanong'ona, na wakikasirika hutoka barabarani. Vichwa hutikiswa, kahawa humalizika, na kila mtu hurejea nyumbani kwake akidhani kuwa amekwisha timiza wajibu.

Nakuomba, ndugu yangu, tulipime neno hili kabla ya kulirudia tena. Kijana anapoikataa amri ya mkubwa wake, awe mzazi au awe mtawala, je, hapo hapo amekwisha toka katika adabu? Au kuna kukataa kunakoruhusiwa, tena kunakopendeza mbele ya Mwenyezi Mungu? Swali hili si la kupitishia wakati. Katika miaka hii ya karibuni kuna nyumba, Kenya na Tanzania, zilizozika watoto kwa sababu yake.

HABARI YA MILIMA YA ULUGURU

Tuanze na mambo yaliyotokea katika milima inayouangalia mji wetu. Uluguru ni milima mirefu, vilele vyake vinapita mita 2,600, na humo ndimo unamotoka mto Ruvu ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Serikali ya Kiingereza iliona kuwa udongo wa milima hii unachukuliwa na mvua, ikaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi katika mashamba yao. Tena ikakataza kuchoma moto mashamba na kulima kandokando ya vijito. Asiyefuata alitozwa faini.

Ukitazama juu juu utasema: amri njema, mwenye akili hawezi kuikataa. Lakini wakulima waliyaona mambo ambayo bwana shamba hakuyaona. Katika sehemu nyingi, kuchimba matuta yale kulileta juu udongo wa chini usiokuwa na rutuba, na mazao yakapungua. Kazi ilikuwa nzito, na siku za kazi zilichukuliwa katika siku za kulima chakula. Ardhi ya Waluguru ni ya ukoo na hurithiwa kwa upande wa mama, hivyo mtu aliweza kuambiwa achimbe matuta katika kipande alichoazimwa tu. Wenyewe walikuwa na njia yao ya zamani ya kufukia magugu katika ngazi ndogo ndogo za mlima, lakini hakuna aliyewauliza. Na mwenye kushurutishwa bila ya kuulizwa huingiwa na dhana. Wengi walihofu kuwa ardhi inatengenezwa ili ipate kunyang'anywa.

Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kuipinga amri ile. Polisi walipelekwa, pakatokea ghasia, risasi zikapigwa na mtu mmoja akafa. Watawala walisema kuwa hiyo ni kazi ya wachochezi wa TANU, chama kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Hata hivyo haukupita muda mrefu mpango ule ukaachwa.

Hapa pana mafunzo mawili, na mtu asichukue moja akaliacha la pili. La kwanza ni kuwa watu wale walikuwa na haki ya kukataa kufanywa kama ng'ombe wa kulimia. Leo tukiwataja tunawaita wazee wetu waliopigania uhuru. Siku ile waliitwa wachochezi, na neno hilo halijazeeka mpaka leo.

La pili ni kuwa udongo ulikuwa unachukuliwa kweli. Kushinda kwao mwaka 1955 hakukuizuia mvua. Milima imeendelea kukatwa miti, na Oktoba 2022 maji ya Ruvu yalipopungua watu wa Dar es Salaam waligaiwa maji kwa zamu. Na jambo la kuzingatia zaidi ni kuwa huko Mgeta, upande wa pili wa milima hiyo hiyo, watu walilima mboga katika matuta ya ngazi, na wanalima hivyo mpaka leo, kwa sababu waliiona faida yake kwa macho yao. Jambo lile lile lililomwaga damu Matombo, Mgeta ni riziki. Basi mtu anaweza kuwa na haki ya kukataa amri, na jambo lenyewe lililoamriwa likabaki lina ukweli ndani yake. Na mwenye kuamuru anaweza kuwa na elimu ya kweli, akaiharibu kwa kiburi cha kutouliza.

MTUME NA VIJANA WA UHUD

Sasa tuitazame dini yetu. Katika mwaka wa tatu wa Hijra, Makuraishi walipokuja kupigana na Waislamu, rai ya Mtume Muhammad (S.A.W.) ilikuwa wabaki ndani ya Madina. Wengi katika vijana, hasa wale walioikosa Badri, walitaka watoke nje wakakutane na adui. Mtume aliwasikiliza. Akaingia nyumbani akavaa deraya. Vijana wakajuta kwa kumshurutisha, wakasema yuko radhi afanye apendavyo. Lakini yeye alikwisha azimia, akatoka nao mpaka Uhud.

Njiani Abdullah bin Ubayy alirudi na watu wapatao 300, akinung'unika kuwa yeye, mtu mzima mwenye rai, hakusikilizwa, na wamesikilizwa watoto. Ndugu Msomaji, mlalamikaji huyu ndiye aliyekuwa kichwa cha wanafiki. Basi tujihadhari tunapoyasema maneno yake barazani.

Unajua yaliyotokea. Waislamu wapatao 70 waliuawa, naye Hamza (R.A.) akiwa mmoja wao, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni. Kama lingekuwa jambo letu, tungesema: mmeona? Kuanzia leo vijana wasiulizwe tena. Lakini katika Surat Aal Imran, aya ya 159, iliyoteremka baada ya msiba ule, Mwenyezi Mungu anamwamuru Mtume wake awasamehe, awaombee maghufira, kisha ashauriane nao katika mambo. Amri ya kushauriana imekuja baada ya ushauri kuleta hasara! Maana yake ni kuwa kushauriana si zawadi ya kumpa kijana pale anapopatia na kumnyang'anya pale anapokosea. Ni haki yake, na ni shule yake. Usipomwuliza leo akakosea mbele yako, atakosea kesho nyuma yako, na hutakuwapo kumshika mkono.

MPAKA WA KUTII

Yako wapi basi mapaka ya kutii? Tuyatafute katika Surat Luqman. Mwenyezi Mungu anamuusia mwanadamu wazazi wake wawili, anamkumbusha udhaifu wa mama juu ya udhaifu. Kisha katika aya ya 15 anasema kuwa wakimshurutisha kumshirikisha Mungu asiwatii, lakini akae nao duniani kwa wema.

Zingatia mpango wa maneno haya. Hapana ruhusa ya kutii batili, hata anayeiamuru akiwa mama. Wala hapana ruhusa ya kumtukana, kumpiga au kumkimbia mama huyo, hata akiwa ameamuru batili iliyo kubwa kuliko zote. Amri inakataliwa na heshima inabaki. Hiyo ndiyo adabu ya kukataa, na anayeijua hawi mtumwa wala hawi mhuni.

Mmoja katika vijana ninaowasomesha aliniuliza baada ya darsa: "Maalim, kunyamaza mbele ya dhulma nako ni subira?" Nilimjibu: "Hapana, mwanangu. Subira ni kustahimili mazito ya kusema kweli. Kunyamaza kwa hofu ya cheo au ya mkate kuna jina lake jingine." Mtume (S.A.W.) amelifanya neno la haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa katika jihadi zilizo bora. Lakini amesema neno, hakusema kiberiti.

YA JANA NA YA LEO

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kukataa masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewakata sehemu kubwa ya mishahara yao. Wengine walibeba hata bango la kusema ukoloni ulikuwa afadhali. Neno baya hilo, na madai yao yalikuwa na uchoyo. Mwalimu Nyerere alikasirika akawarudisha makwao zaidi ya 300. Lakini walisema jambo moja la kweli: kuwa wakubwa nao wanajilipa mishahara minono. Mwalimu hakulitupa neno hilo kwa kuwa limetoka kinywani mwa wakosaji. Aliupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na miezi michache baadaye, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha na miiko yake kwa viongozi. Wengi katika wanafunzi wale walirudishwa chuoni. Mtu anaweza kumwadhibu kijana na bado akamsikia.

Njoo sasa kwenye miaka yetu. Mwezi wa Juni 2024 vijana wa Kenya walitoka kuupinga Muswada wa Fedha na kodi zake. Tarehe 25 wakaingia Bungeni Nairobi, risasi zikapigwa, watu wakafa. Siku ya pili yake Rais William Ruto akatangaza kuwa hatautia saini. Mtu atajiuliza: kama ungeweza kuachwa tarehe 26, ulishindikana nini kuachwa kabla ya mauti?

Na kwetu Tanzania, tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, vijana walitoka barabarani katika Dar es Salaam na miji mingine. Mali zikachomwa, risasi zikapigwa, watu wakauawa, intaneti ikafungwa, na watu wakakatazwa kutoka usiku. Mwezi uliofuata Rais akaunda tume ya kuchunguza. Mimi si hakimu wa jambo hili. Ninalolijua ni kuwa Qur'ani Tukufu, katika Suratul Maida aya ya 32, imeifanya roho moja iliyouliwa bila ya haki kuwa kama roho za watu wote. Hesabu hiyo haimbagui aliyevaa sare wala aliyevaa kandambili. Na wale waliokufa ni wana wa watu, hata wakiitwa kwa jina gani.

NENO KWA WAZAZI, NENO KWA VIJANA

Mzazi mwenzangu, Mtume (S.A.W.) amesema kuwa si katika sisi asiyemhurumia mdogo wetu wala asiyemheshimu mkubwa wetu. Tazama kilichotajwa kwanza. Sisi huidai heshima asubuhi na jioni, na huruma tunaikopa. Kijana amemaliza masomo Mzumbe, au Sokoine, au Chuo Kikuu cha Waislamu hapa Morogoro, na anaendesha pikipiki ya mtu pale Msamvu kwa hesabu ya kila siku. Akiuliza kwa nini, tunamwambia ashukuru. Kushukuru ni wajibu, lakini swali lake halijajibiwa. Alipokuja kijana kwa Mtume akiomba aruhusiwe kuzini, watu walimkemea. Mtume alimwita karibu, akamwuliza kama angelipenda hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kisha akamwekea mkono akamwombea dua. Kama ombi lile lilistahili kusikilizwa, lipi la kijana wako lisilostahili?

Nawe kijana, ukikataa, jua unachokikataa na jua unachokitaka. Waluguru wa 1955 waliishinda amri, lakini mlima bado ulihitaji kutunzwa. Ukimwondoa mwenye amri mbaya, kazi iliyokuwa mikononi mwake itakungoja wewe. Usisambaze habari kabla ya kuihakikisha, kwani Suratul Hujurat aya ya 6 inakuonya usije ukawadhuru watu kwa ujinga ukabaki kujuta. Na kidole kimoja katika simu leo hufika mbali kuliko mpiga mbiu wa zamani. Aya ya 11 ya sura hiyo hiyo inakataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, wala haikusema: isipokuwa mheshimiwa fulani. Duka unalolichoma ni la mjane au la machinga mwenzako. Na mwenye kukulipa ili utukane leo atamlipa mwingine akutukane wewe kesho.

Basi tusiulizane tena kama vijana wana adabu. Kila mmoja wetu ajiulize usiku wa leo: ni lini mara ya mwisho nilimwuliza mwanangu rai yake, nikanyamaza mpaka akamaliza kusema?

Ewe Mwenyezi Mungu, wape wakubwa wetu masikio, wape wadogo zetu hekima, uwarehemu waliokufa na uwape subira waliofiwa. Amin.