Je, Rangi ya Ngozi Yaua?

Mama mmoja wa Mitwaba ameona uvimbe katika titi lake. Dispensari iko, lakini mganga wa kuupima uvimbe kwa darubini yuko mbali, kwa njia ya Likasi mpaka Lubumbashi, na wakati wa mvua lori hukwama matopeni. Basi mama angoja. Tusimwite mvivu.

Mwaka 2020 wataalamu walitangaza habari za wanawake wenye kansa ya titi katika Afrika Kusini, Namibia, Nigeria, Uganda, na Zambia jirani yetu. Walianza kuwaandika mwaka 2014. Baada ya miaka mitatu, katika Namibia wazungu 90 katika 100 walikuwa hai, weusi 56 tu. Katika Afrika Kusini, wenye asili mchanganyiko 76 walikuwa hai, weusi 59.

Mtu wa haraka atasema: kumbe damu ya Mwafrika ni dhaifu! Wenye hesabu hawasemi upesi hivyo. Huwagawa wagonjwa kwa hatua ya ugonjwa siku waliyofika hospitali, ili mwenye uvimbe mdogo alinganishwe na mwenye uvimbe mdogo, na mwenye kidonda na mwenye kidonda. Hutazama pia umri, masomo, dawa alizopewa, na magonjwa mengine mwilini. Kisha huuliza: kama hawa wangalifika mapema na kutibiwa vema, wangalipona wangapi? Kwa Uganda, Zambia na Nigeria jibu lilikuwa wazi: kugundua ugonjwa mapema na kutibu ipasavyo kungaliokoa watu wengi kuliko kuondoa sababu nyingine zilizopimwa. Ni kweli, ziko aina kali za kansa zionekanazo zaidi kwa wanawake weusi. Lakini hizo peke yake hazitoshi kueleza tofauti kubwa hivi.

Hapo ndipo swali letu laanza. Maana tumesikia watu wakisema, «Basi si rangi, ni kuchelewa tu,» wakatulia kana kwamba shauri limekwisha. Je, ni haki kutulia? Ukiondoa kuchelewa katika hesabu, tofauti yapungua karatasini, lakini makaburi ni yale yale. Tena, nani alimchelewesha mgonjwa? Katika Namibia na Afrika Kusini sheria za ubaguzi ziligawa shule, hospitali na mahali pa kukaa kwa rangi mpaka miaka ya 1990. Mtu akisema, «Tumekwisha kuondoa masomo na umaskini, rangi haina neno,» ameondoa vitu vilevile ambavyo rangi ilitumiwa kuwanyima watu. Kujua sababu ya deni si kulilipa.

Hata hivyo hatuidharau hesabu. Bila hiyo tungaliendelea kulaumu damu, na damu ya mtu haibadilishwi. Barabara hutengenezwa, waganga hufundishwa, dawa hununuliwa.

Si mbali na Likasi, anakopita mama wetu, iko Shinkolobwe. Mawe yake yalianza kuchimbwa mwaka 1921, na tangu 1922 radiumu ilitolewa ndani yake huko Olen, Ubelgiji, ikatumika katika hospitali za Ulaya kutibu kansa. Waliochimba kwa mikono walikuwa watu wa hapa. Wenye hesabu watuambie: jambo hilo waliandike katika safu gani, ya umri, ya masomo, au ya hatua ya ugonjwa?