Je, Maisha ya Mpanda Pikipiki ni Mali Yake?

Iko hoja moja ambayo vijana hupenda kuitoa kila waonywapo: "Pikipiki ni yangu, nimeinunua kwa fedha yangu. Mwili nao ni wangu. Nikianguka nitaumia mimi. Basi wewe yakuhusu nini?" Wazee wengi wakisikia maneno hayo hukasirika, wakamwita kijana yule mpumbavu, na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini hasira si jibu. Hoja hiyo imetolewa na watu wenye akili kuliko sisi, na yafaa tuitazame polepole, tuone kweli yake iko wapi na kasoro yake iko wapi.

Sisemi habari za pikipiki ya kazi, ile impelekayo mgonjwa zahanati au gunia la mahindi sokoni. Hiyo ina sababu yake, na hatari yake twaivumilia kama mvuvi avumiliavyo hatari ya bahari, kwa kuwa watoto hawana budi kula. Nasema habari za pikipiki ya mbio, ambayo mwenyewe hainunui kwa ajili ya kazi, bali kwa ajili ya mapenzi. Katika Uingereza, Italia, Japani na nchi nyingine wako maelfu ya watu wenye mapenzi hayo. Pikipiki kubwa ya namna hiyo siku hizi ina uzito wa kilo 200 hivi, na injini yake ina nguvu ya farasi 200 hivi, yaani ni kama kila kilo moja kuvutwa na farasi mmoja. Nayo yaweza kukaribia mwendo wa kilometa 300 kwa saa. Hapana shughuli ya mtu iliyo na haja ya mwendo huo. Mwenyewe ajua hivyo, walakini aupenda.

Tusifanye haraka kuyalaumu mapenzi hayo. Mwenye pikipiki ya mbio aliye mwaminifu kwa chombo chake ana tabia ambazo sisi walimu twazitafuta kwa wanafunzi wetu kwa taabu. Kabla ya kutoka hupima upepo wa matairi, maana pale tairi ligusapo barabara hapazidi sana kiganja cha mkono, na uhai wake wote umesimama juu ya viganja viwili hivyo. Husafisha mnyororo na kuutia mafuta, akaupima usikaze mno wala usilegee, kwa kuwa ukilegea waweza kuruka kutoka katika meno yake. Hubadili mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili hivi, ijapokuwa kwa macho yaonekana mazima, kwa sababu ajua ya kuwa mafuta hayo hunyonya maji kutoka hewani, na maji yakichemka kwa joto la breki, breki hupoteza nguvu. Mtu aifanyaye kazi hiyo jioni peke yake, pasipo msimamizi wala mshahara, amejifunza kuwa mwaminifu katika mambo yasiyoonekana na watu. Tena furaha yake ni furaha ya kweli. Asubuhi ya baridi, barabara imekauka, injini yaimba vizuri, na mtu na chombo huinama pamoja katika kila kona kama wachezaji wawili waliozoeana. Nani atasema kwamba furaha hiyo ni dhambi?

Mfano mmoja utatusaidia. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 alikuwako Mwingereza, T. E. Lawrence, aliyepigana pamoja na Waarabu walioasi utawala wa Waturuki, akapata sifa duniani kote. Baada ya vita aliikimbia sifa ile, na mwaka 1922 akajiandikisha katika jeshi la ndege la Uingereza kama askari wa cheo cha chini, kwa jina lisilo lake. Huko moja ya furaha zake kubwa ilikuwa pikipiki. Alikuwa na pikipiki saba, moja baada ya nyingine, zote za aina ya Brough Superior, ambazo George Brough alizitengeneza katika mji wa Nottingham. Na ya nane ilikuwa imekwisha kuagizwa alipokufa. Vilikuwa vyombo vya fahari. Kwa muda wa miaka ishirini hivi zilitengenezwa pikipiki kama 3,000 tu, na zile zilizoitwa SS100 zilipata jina hilo kwa kuwa mwenye kuzitengeneza aliahidi ya kwamba zaweza kufika maili 100 kwa saa, yaani kilometa 160, nao ulikuwa mwendo wa ajabu katika miaka ile. Lawrence aliziita pikipiki zake Boanerge. Msomaji wa Injili ya Marko alijua jina hilo: ndilo Yesu alilowapa Yakobo na Yohana, maana yake ni wana wa ngurumo.

Tarehe 13 Mei 1935, miezi michache baada ya kutoka jeshini, Lawrence alikuwa akirudi nyumbani kwake Clouds Hill, katika jimbo la Dorset, baada ya kwenda kupeleka simu ya maandishi. Barabara ile ilikuwa na bonde dogo lililoficha yaliyo mbele. Mara wakatokea wavulana wawili juu ya baiskeli. Lawrence akageuza chombo ili asiwaue, akagusa baiskeli moja, akarushwa, akaanguka kwa kichwa. Hakuwa na kofia ngumu. Siku zile wapandaji wengi hawakuivaa. Wavulana wakapona. Yeye alilala siku sita bila fahamu, akafa tarehe 19 Mei, umri wake miaka 46. Tangu siku hiyo watu wamebishana juu ya mwendo aliokuwa nao, wala mimi simhukumu. Hapana shaka katika dakika ile ya mwisho alitenda lililo jema, akawachagua watoto kuliko nafsi yake.

Sasa tumrudie kijana wetu. Alisema, "Nikianguka nitaumia mimi." Basi, wale wavulana wawili walikuwa na shauri gani katika jambo lile? Hawakununua pikipiki, wala hawakupenda mbio, wala hakuna aliyewauliza kama waiona furaha ile kuwa yastahili hatari yake. Walikuwa njiani tu, nayo njia ni yao pia. Wahenga walisema, mchezea tope humrukia. Ni kweli, lakini tope halichagui. Humrukia na aliyesimama kando.

Tena hesabu hii si ya kubishana nayo. Mwendo wa chombo ukiwa maradufu, umbali kinaouhitaji ili kisimame baada ya breki kushika hauwi maradufu, bali huwa mara nne. Na mwenye kwenda kilometa 120 kwa saa hupita metro 33 katika sekunde moja, yaani kabla mkono wake haujaikamata breki sawasawa, amekwisha kupita urefu wa nyumba tatu. Mtoto atokaye nyuma ya gari lililosimama, mama mwenye kuni kichwani, mzee asiyesikia vizuri, wote hawa huikadiria barabara kwa mwendo waliouzoea. Mpandaji wa mbio huwanyang'anya nafasi ya kukosea, na kila mwanadamu ana haja ya nafasi hiyo. Hapo ndipo penye kasoro ya kwanza ya hoja: fedha ilinunua pikipiki, haikununua barabara.

Kijana mwenye akili atajibu, "Vema, nitaipeleka pikipiki yangu mahali pa mbio." Naam, wapenzi wengi wa Ulaya hufanya hivyo, nao wastahili kusifiwa. Katika uwanja wa mbio wote huenda upande mmoja, hapana ng'ombe wala watoto, na tabibu yu karibu. Lakini swali halikwisha, ila limekuwa gumu zaidi. Katika kisiwa cha Man, baharini kati ya Uingereza na Ayalandi, mashindano ya pikipiki yalianza mwaka 1907, nayo hufanyika hata leo. Siku za mbio barabara za kisiwa hufungwa kwa amri ya sheria. Njia ya mlimani, yenye urefu wa kilometa 60, hupita kati ya kuta za mawe na milango ya nyumba. Tangu mwaka 1911, njia hiyo ilipoanza kutumika kwa mashindano hayo, wapandaji zaidi ya 250 wamekufa katika njia hiyo. Kila mmoja aliijua hatari, akaikubali kwa hiari yake. Je, hapo hoja ya kijana imeshinda?

Nasema imeshinda nusu. Yule mpandaji hakumdhulumu mpita njia. Lakini kifo hakina mwenyewe mmoja. Mwili tunaouita wetu ulichukuliwa tumboni na mwingine, ukalishwa na wengine, ukauguzwa usiku na watu waliokosa usingizi. Na siku ukilazwa kaburini, si wewe utakayechimba. Mke aliyeachwa hakushindana katika mbio zile, lakini ndiye aliyeshindwa. Basi maisha si mali kama kanzu au jembe. Ni amana, na wenye haki katika amana hiyo ni wengi.

Walakini tujihadhari, maana hoja hii ya amana nayo ikivutwa mno hutufikisha mahali pabaya. Kama kila hatari ni haramu, nani atapanda mnazi? Nani atamwingilia mgonjwa wa kipindupindu? Hata watoto wasingecheza. Tena twaijua habari ya yule mtumwa aliyeifukia talanta ardhini asije akaipoteza, na bwana wake hakumsifu. Maisha yaliyofukiwa kwa hofu nayo ni amana iliyotumiwa vibaya. Basi mtu asiitupe amana, wala asiizike. Kati ya mambo hayo mawili ndiko iliko kazi ya dhamiri, na kazi hiyo haina mkato.

Mimi naona mpenda pikipiki na ajiulize maswali matatu. La kwanza: Je, katika furaha yangu yuko mtu anayetiwa hatarini bila kukubali? Kama yuko, furaha hiyo ni ya wizi. La pili: Je, wale watakaolia nikifa nimesema nao waziwazi, nikawasikiliza, au nimewaficha? La tatu: Je, nimeiondoa hatari yote iwezayo kuondolewa pasipo kuiondoa furaha yenyewe?

Swali hili la tatu lina kisa chake. Kati ya matabibu waliokuja kumtazama Lawrence alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo aliyezaliwa Australia. Hakuweza kumwokoa. Lakini hakuondoka pale na kusahau. Aliendelea kuchunguza jinsi wapanda pikipiki wanavyoumia vichwa, na vita vilipoanza mwaka 1939 aliona ya kuwa wajumbe wa jeshi wapandao pikipiki hufa barabarani kwa wingi. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita wapanda pikipiki na abiria wao zaidi ya 2,000 waliuawa katika barabara za Uingereza, na majeraha ya kichwa ndiyo yaliyoua zaidi. Mwaka 1941 aliandika habari hizo katika jarida la matabibu, akaonyesha faida ya kofia ngumu. Na mwezi wa Novemba mwaka ule jeshi likaamuru kila askari apandaye pikipiki aivae. Kwa raia wote wa Uingereza amri hiyo haikuja mpaka mwaka 1973, miaka 38 tangu Lawrence kuanguka. Miaka ile yote wako waliosema, kama kijana wetu, ya kwamba kichwa ni cha mwenyewe na serikali isikiguse. Nami nauliza: kofia ilimnyima mpandaji furaha gani? Injini yaimba vile vile, kona ni zile zile. Anayeikataa hatetei furaha yake. Atetea kiburi chake.

Sasa pikipiki zimejaa hata vijijini kwetu. Nyingi ni za kazi, lakini ndani ya kijana wa kazi mara nyingi yumo mpenda mbio, naye hutokea jioni, barabara ikiwa tupu, au aionekanayo tupu. Simwambii aache kuipenda pikipiki yake. Namwambia aipende zaidi, kama wapendavyo wale wanaopima mnyororo na matairi kila siku. Kisha mizani ile ile apimiayo chombo aitumie kupimia watu. Maana yuko mtu atakayeamka alfajiri kuifuta pikipiki yake vumbi, asiruhusu hata mtoto wake aiguse, na saa moja baadaye akapita mbele ya shule kama mshale, abiria nyuma yake hana kofia. Mtu huyo amekitunza chombo, hakumtunza mtu.

Ngurumo ni njema ikija na mvua, na mkulima huifurahia. Lakini ikija na radi, nyumba nyingine hulia, wala si nyumba ya mwenye kuifurahia tu. Hayo ndiyo niliyoyaona. Kama yuko msomaji mwenye jawabu jema kuliko langu kwa kijana yule, na aliandike tulisome sote.