Kaboni, Jirani na Utu

John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alishikilia katika kitabu chake cha 1969 kwamba mtu hawi mtu peke yake. Yupo kwa sababu jamii ipo. Katika nchi kavu ya Kathonzweni, penye mazoea ya mwethya, yaani kazi ya kusaidiana kijirani, hoja hiyo hupokelewa bila ubishi. Naiheshimu, ila imebeba zaidi ya inavyoweza, na kemia inatuonyesha ni wapi. Chukua asidi asetoasetiki, ambayo ini hutengeneza mtu akikaa na njaa muda mrefu. Ina kaboni nne, kila moja na protoni sita. Mbili kati yake ni za kabonili, yaani zimeshikana na oksijeni kwa bondi maradufu. Wanakemia huanza kuhesabu baada ya kabonili: jirani wa kwanza ni alfa, wa pili beta, wa tatu gama. Hivyo kaboni ya pembeni isiyo na oksijeni ni alfa kwa kabonili moja na gama kwa nyingine, wakati uleule.

Utaniambia herufi hizo tumezitunga wenyewe. Ni kweli, lakini tabia hatukuitunga. Haidrojeni ya kaboni alfa katika asetoni ina pKa ya karibu 20; pKa ni kipimo cha urahisi wa haidrojeni kuachiwa, na ikiwa ndogo huachiwa kwa urahisi zaidi. Ya ethani, isiyo na kabonili, ni karibu 50, na kila namba moja ni tofauti ya mara kumi. Haidrojeni ikiondoka, chaji inayobaki hugawanwa na oksijeni ya jirani. Kaboni ikikaa kati ya kabonili mbili, kama katika asetilasetoni, pKa hushuka hadi 9 hivi. Ujirani unafanya kazi kweli.

Hata hivyo, itazame benzaldehaidi. Kaboni yake ya alfa imeketi palepale pa heshima, lakini haina haidrojeni ya kuachia, na kabonili haiwezi kuipa. Jirani hufungua kilichomo tu. Mtu atapinga kwamba atomu hazina dhamiri, na kwamba maadili hayachimbwi maabara. Nakubali, sitoi amri yoyote kwenye kaboni. Ninachokataa ni dai kwamba kitu lazima kiwe chote cha nafsi yake au chote cha wenzake, na mfano mmoja wa kweli unatosha kulivunja. Wanaoirudia hoja ya Mbiti bila kuipima hujikuta wakisema jamii ndiyo chanzo cha utu. Basi mtoto aliyekataliwa na ukoo, au mjane aliyefukuzwa bomani, angekuwa amepokonywa utu wake. Sivyo: amepokonywa nafasi ya kuutumia, na hilo ni kosa la waliomfukuza.